Shukrani Iliyongoja Mlangoni

Morogoro, Alhamisi asubuhi. Baba alinituma Unguja nikamtolee shukrani. Alikuwa ameketi barazani, mguu wa kushoto umegusa sakafu, na upande wa kulia suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti. Mezani mbele yake palikuwa na mfuko wa mchele, kilo kumi, ambao alikuwa ameuchambua mwenyewe kwa siku nne, punje kwa punje, mpaka hapakubaki chuya wala kijiwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza tangu atoke hospitali.

"Nilimwekea Mungu nadhiri," aliniambia. "Nilisema, nikiamka baada ya kisu, nitakwenda kushukuru pale nilipobatizwa. Nimeamka. Ngazi za boti siziwezi. Basi wewe ndiwe utakayekuwa miguu yangu."

Alisema hivyo akitabasamu. Mimi sikuweza kutabasamu, na sina budi kueleza sababu mapema, maana bila hiyo safari hii haieleweki.

Baba anaugua kisukari. Kidonda kilipomtokea kwenye kidole gumba cha mguu, daktari alishauri vidole viwili vikatwe siku ileile. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo, kiongozi wa kikundi cha maombi, msichana mwenye hakika nyingi. Nilisimama kando ya kitanda chake nikatangaza mbele ya watu kwamba kisu hakitaugusa mguu ule, nikaomba tupewe siku saba. Tulifunga, tukaimba, tukaweka zamu za kuomba. Baba akamwambia daktari, "Mwanangu ana imani. Tungoje." Siku ya nane walimkata chini ya goti. Baadaye daktari alinivuta kando, akanieleza bila ukali wowote kwamba siku ile ya kwanza vidole viwili vingetosha. Hakumwambia mtu mwingine. Nami sikumwambia mtu.

Tangu hapo nilipiga magoti kila jioni kama mtu anayekaa kituoni kungoja gari lililokwisha kuondoka. Sasa natumwa nikasimame kanisani, kwa jina la mtu niliyemdhuru naye hajui, nimshukuru Mungu kwa kumponya. Niliubeba mchele nikaondoka.

Dar es Salaam, Ijumaa. Boti iliondoka saa tatu na nusu asubuhi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mwaka huu Kwaresima yetu iliangukia humo humo, hata ikawa karibu abiria wote tuna njaa, na njaa ilikuwa imetulainisha. Hakuna aliyepaza sauti. Mwanga ulikuwa wa rangi ya maziwa. Bahari na mbingu havikuonyesha mpaka, nami nikawa naona kana kwamba hatusafiri bali tunaelea ndani ya lulu. Mama mmoja nisiyemjua alilala begani kwangu tangu tulipoiacha bandari. Vilipojitokeza visiwa vidogo vilivyo mbele ya mji, aliamka, akanitazama kwa mshangao, akasema, "Samahani, mwanangu, nshakulemea," kisha akalala tena palepale. Sikusogea. Kwa muda ule niliona kwamba nafaa kwa jambo fulani.

Unguja, karibu na adhuhuri. Nje ya lango la bandari, hamali mmoja aliushika mfuko wangu na kuupima kwa mkono.

"Mchele huu?"

"Mchele, kaka yangu."

"Unatuletea mchele Unguja mwezi wa Ramadhani? Umekuja kututia majaribuni?"

"Ni wa shukrani. Naupeleka kanisani."

"Basi afadhali," alisema, akaupandisha begani. "Wa kanisani hautanifanya nidondoshe mate."

Alinisindikiza mpaka Darajani akinieleza, kitu kimoja baada ya kingine, vyakula vyote ambavyo hakuwa akivifikiria. Maduka mengi yalikuwa nusu wazi. Wauzaji walikaa kimya vivulini, na watu walipita taratibu, kanzu nyeupe zikielekea msikitini kwa sala ya Ijumaa. Nilihisi kama nimeingia katika nyumba ambamo mtoto amelala.

Shangazi Monika, dada yake Baba, anakaa ghorofa ya tatu katika moja ya yale majumba marefu ya Michenzani. Hushona sare za shule, na chumba chake kilikuwa kimejaa sketi za buluu zilizotundikwa kamba hadi kamba. Alinikumbatia, akaukumbatia na mchele.

"Nimeshawaambia wote," alisema. "Jumba zima linajua mtoto wa kaka yangu kaja kutoa shukrani. Jumapili utasimama, utasema, watu watalia. Umejiandaa?"

"Najiandaa, Shangazi."

Michenzani, magharibi. Shangazi hufungua mfungo wake wa Kwaresima saa ileile ambayo jirani yake wa mlango wa pili hufuturu, na hula pamoja. Jirani huyo ni Bi Zuhura, mjane ambaye babu zake walitoka Arabuni wakawa na mashamba ya mikarafuu, na ambaye yeye alikuwa karani mpaka alipostaafu. Alikuja na bakuli la mhogo wa nazi lililofunikwa kwa kawa.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Ndo huyu mtoto wa Gabrieli? Uso wa babake mtupu! Umefunga?"

"Naam. Tuko katika Kwaresima."

"Kwaresima ya kweli, au ya kunywa chai saa nne?"

"Usimchokoze," Shangazi alisema. "Ndo kwanza kafika."

"Mie nauliza tu. Wewe kila mwaka hunambia umefunga, nikikuchungulia una kikombe mkononi."

"Ile dawa!"

"Dawa ina maziwa na sukari? Haya. Mungu atakupokelea na dawa yako."

Adhana ilipoita tulianza kwa tende, kisha uji. Bi Zuhura akaniuliza habari za Baba, nikamwambia mguu umekatwa. Aliweka kijiko chini, akasema polepole, "Alhamdulillahi kwa kila hali."

Nilikuwa nimechoka, na neno hilo liliniumiza. Nikamwuliza, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kama kweli anashukuru hata kwa hilo.

"Nani kakwambia nashukuru kukatwa mguu?" alijibu. "Mume wangu alipofariki nilisema hivyohivyo, na nilikuwa nalia mpaka kanga imerowa. Nashukuru kuwa nna pa kulisemea. Kula mhogo, utapoa."

Nilikula. Nje, madirisha ya jumba la pili yaliwaka moja moja, na harufu ya mafuta na hiliki ikapanda ngazi hadi kwetu. Nililala nikisikia vyombo vikioshwa katika nyumba nyingi kwa pamoja.

Mji Mkongwe, Jumamosi. Shangazi alinituma nikanunue kitambaa cheupe, kwa kuwa mchele wa shukrani huingia kanisani ndani ya kikapu kilichofunikwa. Nilinunua Darajani, kisha nikajiachia katika vichochoro na kupotea kwa hiari. Kuta zilikuwa karibu karibu, chokaa imebanduka mahali mahali kama ramani za nchi zisizokuwapo. Sikukutana na mtu kwa hatua nyingi. Paka alilala katika kizingiti cha mlango mkubwa uliochongwa. Sauti ya msomaji wa Kurani ilishuka kutoka dirisha la juu, ikanifuata kona mbili, ikapotea. Kichwa changu kilikuwa chepesi kwa njaa, na miguu ilikuwa ikinichukua yenyewe.

Ikanichukua mpaka kwenye kanisa kubwa la kale lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Niliketi benchi la nyuma. Wanasimulia kwamba altare iliwekwa pale ambapo watu walikuwa wakipigwa mijeledi. Nilijaribu kuwafikiria wale waliosimama hapo kwa mara ya kwanza kuimba, na labda baadhi yao walikuwa watoto wa waliouzwa. Waliimba nini? Sidhani kwamba walijifanya kuwa hapakutokea kitu. Mtu hawezi kuijenga altare juu ya mahali kama pale kwa kusahau.

Hata hivyo sikulifuata wazo hilo hadi mwisho wake. Nilitoa daftari, nikaandika hotuba yangu ya Jumapili. Ilikuwa na aya tatu zilizopangika vizuri, kama tulivyofundishwa chuoni: matatizo, wema wa Mungu, shukrani. Nilipoisoma tena niliona kwamba katika kurasa zile mbili hapakuwa na uongo hata mmoja, na kwamba ukweli pia haukuwamo. Nikaikunja nikaitia mfukoni.

Tunguu, Jumapili asubuhi. Kanisa alilobatizwa Baba ni dogo, la mawe na chokaa, paa la mabati, limesimama kati ya minazi mbali kidogo na barabara. Zamani waumini wake walikuwa vibarua wa mashambani waliotoka sehemu mbalimbali za bara; siku hizi wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu kilicho jirani, na ndio wanaoimba kwaya. Niliwatazama wakiwasili na Biblia zao zenye zipu na sauti zao za uhakika, nikajiona mwenyewe wa mwaka jana.

Pana desturi pale ambayo Shangazi hakunieleza, kwa kuwa kwake ni jambo la kawaida. Wenye shukrani hawaingii pamoja na wengine. Hupanga foleni nje, kila mmoja na alicholeta, na mlangoni husimama katekista, Mwalimu Simeoni, mzee mwembamba mwenye koti jeusi. Humwuliza kila mtu swali moja: "Nyumbani mmepatana?" Anayejibu "Tumepatana" hupishwa. Vibarua wale wa kwanza, waliokuwa wakigombana sana kwa kuchanganyika kwao, waliyashika kama yalivyo mafundisho ya Bwana wetu kwamba mwenye kuleta sadaka akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache kwanza sadaka aende akapatane naye. Swali limebaki mpaka leo, na kwa kawaida hujibiwa upesi kama salamu.

Mbele yangu alikuwapo mama mwenye mayai, akajibu, akapita. Akafuata baba mwenye jogoo aliyefungwa miguu.

"Nyumbani mmepatana?"

"Tumepatana, Mwalimu. Ila huyu jogoo bado."

Foleni ilicheka. Mwalimu Simeoni hakucheka, lakini masharubu yake yalitikisika. Kisha akanigeukia.

"Nyumbani mmepatana?"

Neno lenyewe ni jepesi. Ndani kwaya ilikuwa imeanza, na jua lilinipiga kisogoni. Kila kitu kilionekana mbali na wazi mno, mikono yangu juu ya kikapu kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Sijui, Mwalimu."

"Sijui si jibu, mwanangu. Wenzako wako juani."

"Kuna jambo nilimtendea baba yangu. Yeye halijui."

Nyuma yangu Shangazi alinivuta kanga. "Tabita! Sema tumepatana, uingie! Watu wanatazama."

"Siwezi, Shangazi."

"Nishawaambia Michenzani nzima!"

Mwalimu Simeoni hakuniuliza jambo gani. Alinionyesha benchi la mbao lililokuwa kando ya mlango, ambalo nilidhani ni la kupumzikia wazee. "Weka hapo," alisema. "Mchele hauozi." Akamwita aliyefuata.

Niliweka. Nikazunguka nyuma ya kanisa, mahali palipokuwa na kivuli cha ukuta, nikampigia Baba simu. Nilimweleza yote: maneno ya daktari, vidole viwili, siku saba ambazo mimi ndiye niliyeziomba. Sikuyapamba wala sikulia, maana niliona kwamba machozi yangekuwa njia ya kumwomba anyamaze. Nilipomaliza nilisikia redio ya jirani zetu wa Morogoro, mbali, ikitangaza kitu.

"Umesema vidole viwili," Baba alisema.

"Vidole viwili, Baba."

Redio iliendelea kwa muda mrefu.

"Mchele uko wapi?"

"Benchini. Nje."

"Uache hapohapo. Njoo nyumbani."

Akakata simu. Nilirudi nikaketi kando ya kikapu mpaka ibada ilipokwisha. Niliyasikia yote kupitia ukutani: mahubiri kama maji yanayopita mbali, vicheko, ukimya wa komunyo. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali niliomba, ingawa sikuomba kitu. Nilisema tu, "Niko hapa nje." Sikusikia jibu. Lakini sikuhisi kwamba nimejisemea peke yangu, na jambo hilo, kwa mtu aliyekuwa na kiu kama mimi, lilikuwa kubwa.

Michenzani, Jumapili alasiri. Katika daladala Shangazi alikaa kiti cha mbali nami. Alikuwa amesikia ya kutosha kukisia yaliyobaki, na mtu aliyekatwa mguu ni kaka yake. Tulipofika aliketi kwenye cherehani akashona mshono mrefu usiokuwa na sababu. Hatimaye akasema bila kunitazama, "Nimekasirika. Nitakupikia, lakini nimekasirika." Nikamwambia nimeelewa. Akanipikia.

Bi Zuhura alikuja kuniaga na kifurushi cha halua kwa ajili ya Baba.

"Halua kwa mgonjwa wa sukari!" Shangazi alipiga kelele. "Unataka kummaliza?"

"Ya Allah, nimesahau!" Bi Zuhura alijishika kichwa. Akafikiri, akakitia kifurushi mkononi mwangu. "Basi ale huyu. Kwa uso alionao, safari yake ndefu."

Shangazi akacheka, kidogo, kwa kutotaka.

Njia ya kurudi, Jumatatu. Ilikuwa bahari ileile na boti ya namna ileile, lakini lulu ilikuwa imepasuka: upepo, mawimbi, watu wakitapika ndani ya mifuko. Katika treni ya kutoka Dar es Salaam niliegemea dirisha, nikaona mikonge na vituo vikipita, nikajaribu kumwandikia Baba sentensi ya kuanzia. Kila niliyoitunga ilikuwa ya kujitetea. Nilipoiona milima ya Uluguru imejifunika mawingu, nilikuwa nimezifuta zote.

Morogoro, alasiri hiyohiyo. Mama alinipokea begi langu. Baba alikuwa barazani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa."

Nilikaa sakafuni.

"Nimekasirika," alisema. "Tangu jana sijala vizuri, muulize mama yako. Nilikukasirikia wewe. Nikamkasirikia daktari kwa kunyamaza. Halafu nikafika mahali sikutaka kufika." Alisugua goti lake. "Siku ile daktari alipotaja kisu, mikono yangu ilitetemeka chini ya shuka. Wewe hukuiona. Ukaja na siku zako saba. Unadhani niliamini kama ulivyoamini wewe? Sikuamini. Niliogopa. Nikajificha nyuma ya imani yako, mzee mzima, kama mtoto nyuma ya kanga ya mamake. Watu wakasema, 'Tabita ndiye aliyetaka tungoje,' nikawaacha waseme."

"Lakini ni mimi niliyetangaza, Baba."

"Ulitangaza. Na mimi nilikuwa na mdomo."

Baba akanigeukia.

"Sehemu yako nimekusamehe," alisema. "Haikuwa rahisi, na kesho huenda nikalazimika kukusamehe tena. Na wewe nisamehe yangu."

Nilisema nimemsamehe. Sauti yangu haikutoka vizuri, lakini alisikia. Akachukua simu akampigia dada yake. "Monika, mwambie Simeoni tumepatana. Jumapili uingize mchele wewe." Akasikiliza. "Aa, hotuba ya nini? Sema Gabrieli yuko hai na binti yake karudi. Inatosha."

Nilikwenda Unguja nikidhani kwamba kushukuru ni kuyafunika maumivu kwa maneno mazuri, na kwamba imani ni kujua mapema Mungu atafanya nini. Nimerudi nikiwa na vitu vidogo kuliko hivyo. Naona sasa kwamba shukrani haiwezi kupita mlangoni ikiwa imeuacha ukweli nje. Na kwamba niliyemtafuta kwa siku saba, nikimwamuru, alikuwa tayari kukaa nami benchini siku niliyokosa la kumwambia.

Saa ya kusafisha mguu ikafika. Kazi hiyo Mama peke yake ndiye aliyekuwa akiifanya, kwa sababu kila ilipowadia mimi nilikuwa na jambo la haraka dukani. Alileta beseni. Baba akasema, "Leo Tabita."

Niliitoa pini, nikakunjua suruali, nikafungua kitambaa. Nilidhani nitaliona kosa langu. Niliona ngozi: laini, nyekundu kiasi, yenye mshono uliopinda upande mmoja, ngozi iliyokuwa ikifanya kazi yake ya kupona bila kumngoja mtu yeyote. Niliimwagia maji ya uvuguvugu kwa kiganja. Baba alishtuka kidogo, kisha akatulia, akaegemea ukuta akafumba macho.

"Asante," nikasema, nami sikuwa nikisema naye.

"Asante ya nini?" Baba aliuliza, macho bado amefumba. "Osha na pale pembeni. Panawasha."